KIINGEREZA SI MALI YA VIGOGO: KIJANA, FUNGUA MDOMO!

Na Mwandishi Wetu

NDUGU msomaji, hebu leo tuulizane wenyewe kwa wenyewe, bila kuoneana haya. Umekaa sekondari miaka minne. Hesabu ulifundishwa kwa Kiingereza. Baiolojia kwa Kiingereza. Hata habari za babu zako mwenyewe, akina Mkwawa na Kinjekitile, ulizisoma kwa Kiingereza. Cheti unacho, umekitoa kopi mpaka mwenye mashine anakujua kwa jina. Halafu siku moja unaitwa kwenye usaili. Watu watatu wamekaa nyuma ya meza, mmoja anakuambia kwa Kiingereza ujieleze. Swali la mtoto! Jina lako nani, umetoka wapi, unaweza kazi gani. Na wewe jasho linakutoka, ulimi unakuwa mzito, unatoa maneno sita, unanyamaza. Kazi anapewa mwingine.

Kulikoni?

Usikimbilie kusema wewe ni mbumbumbu. Hilo ndilo jibu wanalolitaka wakubwa, maana ukishajiita mbumbumbu hutawauliza swali lolote. Geuza macho kwanza. Nenda Moshi ukawaone wapagazi wanaopandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro. Nenda Unguja, Forodhani na Mji Mkongwe, uwasikilize vijana wanaotembeza wageni. Nenda Arusha kwenye maduka ya vinyago. Wapo pale walioishia darasa la saba, na Kiingereza kinawatoka kama maji ya bomba. Sarufi yao ina mashimo, hatubishi. Lakini wanabishana bei, wanatania, wanaeleza njia, wanaeleweka. Na wanalipwa.

Mmoja kakaa darasani miaka minne, hawezi kusema. Mwingine hakukanyaga sekondari, anasema. Hapa pana jambo, na leo tunalifunua.

DARASA LA MABUBU

Kusema lugha ni kazi ya mdomo. Hakuna aliyejifunza kuendesha baiskeli kwa kunakili ubaoni habari za usukani na pedeli. Alipanda, akaanguka, akapanda tena. Lugha nayo ni hivyo hivyo: asiyeisema haiwezi, hata aimeze kamusi nzima.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kipindi ni dakika 40. Darasa lina wanafunzi 60, na wewe unajua yapo yenye zaidi. Mwalimu akinyamaza kabisa, akawaachia ninyi dakika zote, kila mmoja anapata sekunde 40 za kusema. Lakini mwalimu hanyamazi. Akichukua robo tatu ya kipindi, unabakiwa na sekunde 10. Kwa sekunde 10 utasema nini zaidi ya kuitikia?

Na ndicho mlichofanya miaka yote: kuitikia! Mwalimu anauliza kama mmeelewa, darasa zima linajibu kwa sauti moja kwamba limeelewa. Mwalimu anataja nusu ya neno, ninyi mnamalizia nusu ya pili. Hiyo ni kwaya. Mtu anaweza kuimba kwaya hiyo miaka minne asitunge sentensi moja ya kwake.

Halafu unakuja mtihani wa taifa. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne uliofanywa na kaka zako na dada zako miaka na miaka ni wa kalamu na karatasi. Mtahiniwa anaweza kuulizwa aandike mazungumzo ya watu wawili, lakini hakuna anayemkalisha kitako akazungumza naye. Na mwalimu anayepimwa kwa idadi ya waliofaulu atafundisha nini? Kile kinachotahiniwa. Kusema hakutahiniwi, basi kusema hakufundishwi. Hesabu nyepesi hiyo, haihitaji profesa.

Ila kama unamtaka profesa, yupo. Merrill Swain wa Kanada aliwachunguza watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani, waliofundishwa masomo yao shuleni kwa Kifaransa. Walimu wao walikuwa wazuri, vitabu vilikuwepo, na Kifaransa walikisikia kutwa nzima kwa miaka. Walielewa vizuri sana. Lakini katika kusema walikuwa nyuma, hawakufanana na wenye lugha yao. Mwaka 1985 mama huyu akaandika kwamba kusikia peke yake hakutoshi: mwanafunzi lazima asukumwe aseme, akwame, atafute njia ya kujikwamua. Hiyo ni Kanada, nchi tajiri. Sembuse wewe ambaye hata kusikia kwenyewe ulikusikia kwa mwalimu aliyekuwa akichanganya lugha ili mwelewe?

NANI ALIYETUFIKISHA HAPA?

Hili si bahati mbaya. Limeamuliwa ofisini, na watu wenye vyeo.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, na hilo lilikuwa jema. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ikasema sasa tuendelee: sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, vyuo vikuu mwaka 1992, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Mwaka 1983 Serikali ikasema mabadiliko hayo hayatafanyika. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliletwa kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakakuta kiko chini mno, kiasi kwamba wengi wa sekondari hawawezi kusomea masomo mengine kwa lugha hiyo. Ungetegemea nini baada ya ripoti kama hiyo? Kiingereza kikaendelea kuwa lugha ya kufundishia vile vile! Mwaka 1987 ukaja mradi wa msaada wa Uingereza wa kunyanyua Kiingereza sekondari, nao ukakazia usomaji wa vitabu. Mdomo ukabaki umefungwa.

Hadithi haikuishia hapo. Sera ya elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa mwaka 2015, ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na papo hapo ikasema Kiingereza nacho kitaendelea kutumika. Guu moja ndani, guu moja nje! Mwanzoni mwa mwaka 2025 ikazinduliwa sera iliyofanyiwa marekebisho, na Kiingereza kikabaki lugha ya kufundishia sekondari. Zaidi ya miaka 40 tangu Tume ya Makwetta, tumezunguka mbuyu tumerudi pale pale.

Na gharama yake tuliiona. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ikapiga kelele, tume ikaundwa, alama zikapangwa upya. Zipo sababu nyingi za msiba ule, lakini usiniambie kwamba lugha haimo. Mtoto anayeulizwa habari za moyo na damu kwa lugha asiyoielewa anapimwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na anaanguka yote mawili.

Wakati huo wenye nacho walikuwa wapi? Miaka ya 1990 walipakia watoto kwenye mabasi kwenda Kenya na Uganda. Baadaye shule za Kiingereza za kulipia zikafunguliwa hapa hapa, wakawarudisha. Mtoto wa kigogo anakisema Kiingereza toka chekechea, darasani wako wachache, na nyumbani runinga inazungumza naye. Wa kabwela anakutana nacho kwa kishindo kidato cha kwanza, baada ya kozi fupi ya wiki chache. Miaka kumi baadaye wanakutana kwenye usaili ule ule, mezani kwa watu wale wale, na tunaambiwa ushindani ni wa haki. Danganya toto!

KIBAO SHINGONI

Na kama kwamba hiyo haitoshi, shule ikaongeza fimbo. Zipo shule ambazo mwanafunzi akinaswa anaongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, au anapelekwa kufyeka nyasi, au anachapwa. Kibao kinahama kutoka shingo hadi shingo, na kila mwenye nacho anamvizia mwenzake ili amhamishie. Shule inafundisha watoto kupelelezana!

Mbinu hii si ya kisasa hata kidogo. Marehemu Ngugi wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa Kenya ya mkoloni walivyochapwa kwa kusema Kikuyu, au kuvalishwa bamba la chuma shingoni lenye maneno ya kuwaita wajinga na punda. Mkoloni kaondoka, bamba limebaki.

Swali letu ni moja tu: kibao kimemfundisha nani kusema? Mwanafunzi akijua kwamba Kiswahili kina fimbo na Kiingereza kibovu kina kicheko, anachagua njia ya tatu, nayo ni kunyamaza. Ndiyo maana shule hizo hujaa mabubu wenye adabu. Na ndiyo maana wewe, mbele ya meza ile ya usaili, unasikia kicheko cha kidato cha pili masikioni kabla hujafungua kinywa.

WALICHOJUA WATOTO WA FORODHANI

Turudi kwa yule kijana wa Forodhani. Nani kamfundisha?

Kajifundisha, na kwa njia ambazo wasomi wamezichunguza. Mwaka 1975 mwanamama wa Kimarekani, Joan Rubin, aliandika kuhusu sifa za mtu anayejifunza lugha vizuri. Akasema mtu huyo anabahatisha maana bila woga. Ana hamu kubwa ya kueleweka. Hajali kuonekana mjinga. Anatafuta kila nafasi ya kufanya mazoezi. Anaisikiliza kauli yake mwenyewe na ya wenzake. Mwaka 1990 Rebecca Oxford akazipanga mbinu hizo katika mafungu sita: za kukumbuka, za kufanya mazoezi, za kuziba pengo la maneno, za kujipangia kazi, za kutuliza moyo, na za kushirikiana na watu.

Mtazame kijana wa Forodhani, yote anayo. Anazikumbuka sentensi alizozisikia kwa mgeni jana. Anazirudia leo kwa mgeni mwingine. Neno likimkimbia anatumia mikono. Anajua anajifunza kwa ajili gani: chakula cha jioni. Akichekwa anacheka naye. Na kutwa nzima yuko na watu. Hana mtihani wa karatasi, ana mtihani wa tumbo.

Wewe wa Manzese, Mabibo, Tandika au Mwanjelwa utasema, mimi watalii nitawatoa wapi? Huna haja nao. Unahitaji mdomo wako, mwenzako mmoja au wawili, na nidhamu. Zifuatazo ni silaha saba. Hazina ada wala hazimhitaji mfadhili.

SILAHA SABA

Ya kwanza: Acha kukariri neno moja moja, kariri sentensi nzima. Daftari lenye maneno 500 na maana zake halisemi. Kwenye kazi za watu kuna sentensi zinazorudi kila siku: kuomba kurudiwa swali, kusema hukuelewa, kukataa kwa heshima, kueleza ulichofanya jana, kuuliza bei, kuomba muda wa kufikiri. Chukua sentensi tano kwa siku, zizoee mdomoni mpaka zitoke zenyewe. Aliye na sentensi 100 zilizokaa mdomoni anamshinda mwenye maneno 1,000 yaliyolala daftarini.

Ya pili: Fuata sauti kama kivuli. Chukua kipande cha dakika moja cha mtu anayesema Kiingereza kilichonyooka, si sinema ya risasi na matusi. Redio inatosha. Simu ikiwepo, vipo vipindi vya BBC Learning English ambavyo havina malipo. Vichukue mara moja, uvisikilize wiki nzima bila kumaliza bando. Sikiliza mara mbili. Mara ya tatu sema pamoja na msemaji, nyuma yake kidogo tu, ukiiga kupanda na kushuka kwa sauti. Wakalimani hufundishwa kwa mazoezi ya namna hii. Kipande kimoja, wiki moja. Usirukeruke.

Ya tatu: Jua mahali Kiswahili kinapokutega. Kiswahili kina vokali tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za vokali kama 20, ndiyo maana "ship" ya baharini na "sheep" ya machungani zinatoka kinywani mwako kama mnyama mmoja. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Kiingereza kinahamahama: "photograph" hukazwa mwanzoni, "photographer" hukazwa katikati. Kiswahili kinasema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ukiharakisha unamfanya bosi wa kiume kuwa mama. Na mtego mkubwa kuliko yote: ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, kwa Kiswahili unajibu "Ndiyo, sijala." Mwingereza hujibu "Hapana." Kwenye usaili ukiulizwa kama hujawahi kushitakiwa, ukajibu "ndiyo" ya Kiswahili kwa Kiingereza, umejifunga mwenyewe! Haya si ujinga. Ni lugha mbili zinazogongana, na anayeijua njia panda hagongwi.

Ya nne: Dakika nne, tatu, mbili. Mbinu hii iliandikwa na mwalimu Keith Maurice mwaka 1983, na Profesa Paul Nation wa New Zealand akaieneza. Chagua jambo unalolijua vizuri: mechi ya Simba na Yanga, biashara yako ya mitumba, safari yako ya kijijini. Mweleze mwenzako kwa Kiingereza kwa dakika nne. Kisha mweleze mwingine jambo lile lile kwa dakika tatu. Kisha wa tatu kwa dakika mbili. Safari ya kwanza utasuasua. Safari ya tatu maneno yatakuwa yamejipanga, na muda mfupi unakulazimisha uache kusitasita. Wasikilizaji wawe tofauti, ili usichoke kurudia wala wao wasichoke kusikia.

Ya tano: Neno likikukimbia, lizunguke. Hujui chujio linaitwaje? Sema ni kitu chenye matundu, tunatumia kwenye chai, majani yanabaki. Umeeleweka, kazi imekwisha. Anayesimama kimya akilitafuta neno moja anapoteza mazungumzo yote. Fanyeni mchezo kijiweni: mmoja anaelezea kitu bila kukitaja, wengine wanakitambua.

Ya sita: Jirekodi. Simu nyingi za leo, hata za bei ya chini, zina kinasa sauti. Jiulize maswali ya usaili: eleza habari zako, kwa nini unaitaka kazi hii, kazi gani ngumu uliwahi kuifanya, utafanya nini mteja akikasirika. Jibu kwa sauti. Sikiliza. Utachukia sauti yako, na hiyo ni kawaida ya kila mtu. Andika makosa mawili tu, si ishirini. Rekodi tena ukiyarekebisha hayo mawili. Kila baada ya mwezi sikiliza ya zamani na ya sasa. Hapo huhitaji mwalimu akuambie kama umesogea.

Ya saba, na ndiyo mama yao: Fungueni kijiwe cha Kiingereza. Vijiwe tunavyo tayari. Tunakaa pale saa tatu jioni nzima tukichambua mpira na siasa. Tengeni nusu saa, siku nne kwa wiki. Watu wanne mpaka sita, wasizidi, ili kila mmoja apate dakika zake. Kanuni ziwe tatu. Kwanza, hakuna kucheka kosa. Pili, hakuna kumkata mtu kauli. Makosa yanaandikwa na kusahihishwa mwishoni. Tatu, kila mtu lazima aseme, na anayejua zaidi aseme kidogo. Akiwepo muuguzi, karani wa bandarini au mwanafunzi wa chuo mtaani, mwombeni aje mara moja kwa wiki awasahihishe. Huyo hamtamlipa kitu zaidi ya chai na kitumbua.

Nusu saa mara nne ni saa mbili kwa wiki. Mkiwa watano, kila mmoja anasema kama dakika sita kila siku ya kijiwe. Linganisha na sekunde 10 za darasani!

JIHADHARI NA MATAPELI

Kwa kuwa njaa ya Kiingereza ni kubwa, wapishi wa uongo nao ni wengi. Utaona bango kwenye nguzo ya umeme: Kiingereza ndani ya wiki tatu, uhakika. Unalipa, unapewa kijitabu cha sarufi, unakaa kwenye chumba cha watu 50, mwalimu anaandika ubaoni. Ni darasa lile lile la mabubu, safari hii umelikatia tiketi kwa fedha yako.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, uliza maswali mawili. Darasa lina watu wangapi? Na mimi mwenyewe nitasema kwa dakika ngapi kila siku? Wakishindwa kujibu, fedha yako iweke mfukoni, nenda kijiweni.

USIUZE KISWAHILI CHAKO

Wapo watakaosema, ninyi si mnakitetea Kiswahili, mbona leo mnakipigia debe Kiingereza? Hakuna mgongano. Wajapani wanafundishwa fizikia kwa Kijapani, Wachina kwa Kichina, na Kiingereza wanajifunza kama somo. Magari yao unayapanda, simu zao unazishika. Kutaka kuelewa fizikia kwa lugha yako na kutaka kukisema Kiingereza vizuri ni matakwa mawili yanayokaa nyumba moja. Wanaotugombanisha ni wale wanaotaka tukose yote: tusielewe fizikia, na tusikiseme Kiingereza.

Tena Kiingereza si akili. Wapo wenye Kiingereza cha puani ambao wametia sahihi mikataba iliyoikausha nchi. Na wapo wazee wetu wasiojua neno moja la Kimombo wenye busara ya kutosha kuongoza taifa. Kiingereza ni chombo, kama jembe na kama leseni ya udereva. Tatizo linaanza chombo kinapofanywa uzio, wengine wakawa ndani, sisi nje.

Uzio huo umetuumiza hata mahakamani. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, sheria za nchi zilitungwa kwa Kiingereza na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alifungwa au kunyang'anywa kiwanja kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Mwaka 2021 ndipo Bunge likapitisha mabadiliko yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Miaka 60 ya uhuru! Kwa hiyo usisubiri mtu akufungulie uzio kwa huruma. Ufungue wewe mwenyewe, na huku unapiga kelele ubomolewe.

TUNACHODAI

Kelele tunazotaka mpige ni hizi, na mzipige kwa majina yake.

Moja: mtihani wa taifa wa Kiingereza uwe na sehemu ya kusema, yenye alama za kweli. Siku ambayo kusema kutakuwa na alama, kesho yake kutafundishwa.

Mbili: kibao, fimbo na adhabu yoyote ya kusema Kiswahili katika shule za nchi hii vipigwe marufuku, na mwalimu mkuu atakayekaidi awajibishwe.

Tatu: mtaala mpya umepeleka somo la Kiingereza mpaka darasa la kwanza. Vizuri. Lakini nani anafundisha? Mwalimu ambaye mwenyewe alikaa kwenye darasa la mabubu, leo anaambiwa awafundishe watoto wadogo kutamka. Mpeni mafunzo ya kusema, si semina ya siku mbili na posho ya soda. La sivyo tunawahisha tu umri wa kuwafunga watoto midomo.

Nne: lile pendekezo la mwaka 1982 litolewe kabatini, lijadiliwe hadharani, wananchi wasikie nani analipinga na kwa sababu gani.

Na wewe kijana, usiyaache haya kijiweni. Utafika msimu wa kampeni, na mgombea atapanda jukwaani kwenu, chama chochote kile, kikiwemo kinachosomwa na wengi wenu kwenye ukurasa huu. Atazungumza habari ya elimu bora. Mwache amalize, mpigie makofi, kisha nyosha mkono umuulize maswali mawili. La kwanza: wanao wanasoma wapi? La pili: shule ya kata hii, mtoto anasema Kiingereza dakika ngapi kwa siku?

Akijikanyaga, umeshajua kura yako usimpe nani. Lakini kampeni ni mbali, na usaili unaweza kuwa wiki ijayo. Leo jioni chukua wenzako watatu, chagueni jambo moja, anza wewe. Dakika nne.